Malaika Anawameza Samaki wa Watoto

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza naomba radhi kwa kimya cha miezi kumi, kwa maana uliponieleza ni samaki gani wanaoweza kukaa pamoja katika tangi la kioo la kliniki ya meno ninakofanya kazi ya mapokezi, niliahidi kukuarifu yalikoishia, na sikukuarifu kwa sababu ushauri wako niliufuata nusu.

Niliwaweka wale wadogo wenye mstari wa buluu, kumi, pamoja na kambare wadogo watano wanaookota mabaki chini, wakaelewana vizuri, na watoto waliokuwa wakilia mlangoni wakawa wananyamaza mbele ya kioo, ndipo nikaanzisha utaratibu kwamba kila mtoto mwenye matibabu marefu achague samaki wake, ampe jina, nami niliandike daftarini, na kila akija amtafute kwanza kabla ya kupanda kitini.

Kisha mama mkwe wa daktari akaleta zawadi, samaki mmoja bapa mwenye mapezi marefu kama pazia, ambaye wauzaji humwita malaika, wakati huo akiwa mdogo kama sarafu, nikamtia ndani kwa sababu alikuwa mzuri na aliyemleta alikuwa amesimama papo hapo. Sasa amefikia upana wa kiganja. Kila Jumatatu mama huyo huja, huketi mbele ya tangi, huuliza, "Mwanangu anaendeleaje?"

"Hajambo, mama, leo yuko kazini," hujibu daktari.

"Simuulizi mkeo. Namuuliza samaki."

Wadogo wakaanza kupungua. Nilinunua wengine wanaofanana nao, nikawatia asubuhi kabla ya kufungua mlango, mara sita, bila mtu kujua, hadi alipokuja binti wa miaka saba mwenye jino lililotoboka, ambaye samaki wake alikuwa na mkia uliopasuka.

"Bibi, huyu siye wangu."

"Ndiye. Amekua tu."

"Na mkia ulishonwa na nani?"

Alipopanda kitini, daktari akamwambia haitauma. "Na Bibi alisema ndiye yule yule," akajibu, akafumba mdomo, asiufumbue tena, akarudishwa nyumbani na jino lake bovu. Daktari, ambaye hakuelewa chochote, akaniambia, "Bibi, zungumza naye wewe. Wewe anakuamini."

Miadi yake ni tarehe nne mwezi ujao. Nikimwambia mtoto ukweli, sharti nimwambie na daktari, naye sharti amwambie mama mkwe wake. Je, niseme, au nimtafute samaki mwenye mkia uliopasuka? Nitakuandikia mara nitakapokuwa nimeamua.

Bibi wa Samaki

JIBU

Bibi, kimya nimekisamehe. Ile nusu uliyoiacha ni jambo jingine.

Nilikuandikia kwamba samaki ambaye mdomo wake utatosha kummeza mwenzake hafai kukaa naye. Nilisema utatosha. Wewe ukampima kwa siku aliyoletwa. Malaika hana kosa. Kila samaki uliyemnunua kuziba pengo ulikuwa unamwandalia mlo. Tena uliwatia wageni moja kwa moja kutoka dukani, na ni bahati tu kwamba hawakuleta ugonjwa.

Najua ulifanya hivyo kwa huruma, na kumtuliza mtoto mwenye hofu si kazi ndogo. Lakini binti huyu alimpoteza samaki, kisha mtu mzima anayemwamini akamwambia asiyaamini macho yake. Hilo la pili ndilo lililomfumba mdomo. Kwa hiyo usimtafute samaki mwenye mkia uliopasuka. Wala usimpasue mkia yeyote, maana naona wazo hilo haliko mbali nawe.

Kesho mwambie daktari, kwa sentensi mbili. Malaika apewe tangi lake lenye kina kirefu, hata nyumbani kwa mama mkwe, ambaye kwa mapenzi hayo atamtunza kuliko wewe. Usinunue samaki kwa mwezi mzima. Utakaponunua, chukua kundi zima la wale wenye mstari, uwatenge katika chombo kingine wiki tatu kabla ya kuwachanganya na wenyeji. Watoto wape kambare wa kuwapa majina: wanaishi miaka mingi, na kwa miiba yao hata malaika hakuthubutu kuwagusa.

Mpigie simu mzazi wa binti, amlete tarehe tatu, siku ambayo jino halitaguswa. Ketini wawili mbele ya tangi. Mwambie, "Samaki wako aliliwa, nami nilikudanganya." Usiongeze "lakini". Akilia, mwache alie. Kisha mwonyeshe jina la samaki wake daftarini. Libaki au lifutwe, aamue yeye.

Unaahidi kuniandikia utakapoamua. Uamuzi umekwisha kuupata. Niandikie tarehe tano, na sentensi moja inatosha: alifumbua mdomo, au hakufumbua.