Muhuri wa Mwalimu Mkuu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti limepunguza kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, wajukuu zako nao wazima, ila yule mdogo ameng'oka meno mawili na hataki kucheka mbele za watu. Roho tu ndiyo haijatulia, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekudanganya.

Uliuliza habari za mwalimu mgeni, yule wa darasa la viziwi uliyemkuta kwangu. Tangu siku ile kila ukipiga simu ni yeye tu: hajambo, anakula, watoto wake wanaendeleaje. Ukasema, mbele yangu mimi uliyenizaa, kwamba anakukumbusha enzi zako, ulipokuwa ukienda ofisi ya elimu na kugoma kutoka mpaka wanafunzi wako wapewe madawati. Mama, nimefundisha miaka kumi na minne. Neno hilo hujawahi kuniambia hata siku moja. Liliniuma, nisikufiche.

Na shuleni ni yale yale. Akipita uwanjani watoto wake kumi na mmoja wanampungia mikono juu, ndiyo makofi yao, na wangu nao wameiga. Wangu! Mimi nikiingia darasani wanafungua madaftari basi. Wazazi wanamngoja getini. Hata mwalimu mkuu, ambaye hasalimii mtu kabla ya chai, akimwona huyo meno yote nje.

Basi mwezi uliopita ikaja taarifa ya ofisi ya elimu kwamba darasa lake litafungwa kwa kuwa watoto ni wachache, wakae nyumbani mpaka nafasi ipatikane kwingine. Mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi. Weee! Alizunguka nyumba kwa nyumba, akarudi na saini za wazazi na barua ambayo, haki ya Mungu, hata wewe usingeongeza nukta. Akaniletea niisome, maana mimi ndiye mkongwe. Akaniuliza kama kuna kilichopungua.

Kilikuwepo. Ofisi ile unaijua: barua ya mwalimu isiyoandikwa "kupitia kwa mwalimu mkuu" na kugongwa muhuri wake haisomwi, inarudishwa ilivyo. Yeye katoka shule za watu binafsi, huko hawana mambo hayo. Niliona kabisa pale juu pako patupu. Nikamwambia iko sawa, apeleke.

Sikutaka darasa lifungwe, mama. Nilitaka akwame mara moja tu, aaibike kidogo, halafu aje kwangu nimwelekeze. Siku zilikuwa zimebaki saba, nikaona zinatosha. Kumbe barua ilikaa kwa karani siku tisa ndiyo ikarudi, haijasomwa hata mstari.

Ijumaa darasa likatiwa kufuli. Mwenzangu aliwakusanya wazazi akawaomba radhi, akasema kosa ni la ujinga wake, na kwamba mimi nilijitahidi kumsaidia. Binti wa fundi cherehani, mdogo kuliko wote, akaja akauliza jambo kwa mikono. Mwenzangu akanitafsiria: anauliza Jumatatu aje saa ngapi. Machozi yakamjaa, akaniomba mimi niseme chochote. Nikasema saa moja na nusu, kama siku zote. Akamtafsiria hivyo hivyo, na mtoto akaondoka anarukaruka.

Leo ni Jumapili. Nimeshaandika barua nyingine ya kueleza nilichofanya, yenye jina langu, na kesho saa moja kamili nitakuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu nikitaka muhuri. Najua huenda ofisi ikasema muda umepita. Najua na mwenzangu atakavyoniangalia. Ila yule mtoto kesho atakuja, mama. Atakuja na begi lake mgongoni, na mimi ndiye niliyemwita.

Nisalimie baba mdogo na majirani wote. Usinipigie simu mpaka nikupigie mimi.

Mwanao,
wa pili kuzaliwa