Tundu Nililolipanua kwa Tupa

Mjukuu wangu Salehe,

Marahaba kwa shikamoo yako. Sisi wa hapa Kilole tupo, ila mahindi ya shamba letu la Kang'ata yamekauka tena. Umeniuliza kwa nini niliacha ufundi.

Wakati wa Mwingereza nilitengeneza mitambo ya shamba la mkonge hapa Korogwe, pamoja na rafiki yangu Athumani. Siku moja ndege ndogo ya mzungu mwenye shamba ilitua kwa kishindo. Tulifungua mguu wa gurudumu, lakini wakati wa kuurudisha matundu ya bolti hayakulingana.

"Mguu umepinda," Athumani akasema. "Tuagize mwingine."

Mzungu alikuwa na haraka ya kwenda Handeni, nami nilitaka sifa. Nikalipanua tundu kwa tupa mpaka bolti ikaingia. Athumani akapanda ndege pamoja na mzungu, awe karibu pakitokea hitilafu.

Walipotua Handeni mguu ulikatika. Mzungu alitoka mzima. Athumani alivunjika nyonga, hakutembea tena bila magongo.

Hakumwambia mtu habari ya ile tupa. Kila tulipokutana alinijulia hali kwa upole, akaniuliza watoto hawajambo. Afadhali angenitukana; huenda ningeweza kushika spana tena.

Babu yako,
Rajabu