Vyungu vya Adalgisa

Genova, 30 Juni 1963

Binti yangu Delfina,

Hujambo, na huyo Ettore hajambo? Mimi ni mzima kiasi cha kuweza kulalamika.

Najua hii ni barua yangu ya kwanza tangu nikuambie kwamba ukiolewa na huyo mpaka rangi, usirudi. Miaka sita. Mama yako Adalgisa ndiye aliyekuwa akiandika, mimi nikilamba stempu. Sasa wiki ya nne tangu tumzike, na wa kuandika hayupo. Kwa kukosa mazishi sikulaumu. Meli haiwezi kushindana mbio na telegramu.

Shida yangu ni vyungu vyake vya dirishani. Rosmari haina neno. Ni kama Bi Iolanda wa ghorofa ya chini, inanawiri bila kupendwa. Lakini mirehani! Masika alipanda mbegu zote, kama kila mwaka. Sasa imerefuka kama vijana wavivu, inatoa maua, majani ya chini yamekuwa manjano. Sijagusa hata jani moja. Mkono wa mwisho kuyagusa ni wake.

Jana Iolanda alipaza sauti toka chini: "Wewe Giobatta, unafuga mirehani au unalinda kaburi?" Nikamwambia afunge dirisha.

Wewe ulikulia jikoni kwa mama yako. Niambie la kufanya.

Baba yako

Rosario, 14 Julai 1963

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Huku kusini mwa dunia Julai ni baridi, nguo hazikauki. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikamaliza, nikaanza tena.

Baba, mrehani usipochumwa hufa. Unauonea huruma na huruma hiyo ndiyo inauua. Kata maua yote, leo hii, kwa kucha, yasibaki hata moja. Ukiuacha uchanue unazeeka. Mwagilia asubuhi, mizizini, usiloweshe majani. Kisha chuma vichwa, utwange kwenye kinu cha marumaru pamoja na kitunguu saumu, chumvi, njugu za msonobari na jibini. Mafuta ya zeituni mwisho. Twanga kwa kuzungusha, si kwa kupiga. Mama alikuwa akisema wanaume hutwanga kama wanadaiwa na kinu.

Mirehani ile ni ya bibi wa bibi yake. Iokoe.

Mwanao, Delfina

Genova, 2 Septemba 1963

Delfina mwanangu,

Unaendeleaje na afya? Mimi nimenenepa. Ni kosa lako.

Nimekata kila ua. Kila Jumapili navaa miwani na kukagua mche kwa mche, kama nilivyokagua tiketi kwenye tramu miaka thelathini, na hakuna ua lililosafiri bure. Mirehani imekuwa kichaka! Ninatwanga, nakula na tambi, nalia kidogo, nasingizia kitunguu saumu. Nilimpelekea Iolanda bakuli. Akaonja, akanyamaza kabisa. Sijawahi kuona muujiza kama huo. Kisha akasema, "Ni ya Adalgisa hii."

Maisha yako yote sikuwahi kukusikiliza. Nimeanza sasa, na tazama matokeo.

Baba yako

Rosario, 20 Oktoba 1963

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole na upepo, najua umeanza. Huku majira ya kuchipua yamefika. Ettore amenipakia rangi sanduku la mbao, nimelijaza udongo, limekaa dirishani linasubiri. Nitumie mbegu za Mama, baba. Kijiko kimoja tu ndani ya bahasha. Alikuwa mkarimu wa majani, lakini mbegu hakumpa mtu, hata dada yake. Alisema zangu zitakuja siku nitakayokuwa na dirisha langu. Sasa ninalo. Sikumzika. Acha basi nimpande.

Delfina wako

Genova, 24 Novemba 1963

Mwanangu,

Natumaini u mzima, na umeketi.

Upepo wa kaskazini umeimaliza mirehani. Imekuwa myeusi, kama kila mwaka. Barua yako ilipofika nilishuka kumuuliza Iolanda mbegu zinakaa wapi. Akanitazama. "Zinakaa kwenye maua, Giobatta. Adalgisa kila mwaka aliacha mche mmoja uchanue hadi ukauke. Aliufunga uzi mwekundu, mtu asiuguse."

Uzi niliuona, Delfina. Julai ile ile. Nilidhani ni pambo. Niliufungua, nikafungia magazeti, nikakata maua.

Nimepekua kabati zote, hadi mifuko ya koti lake. Hakuna.

Baba

Rosario, 15 Desemba 1963

Baba,

Uliambiwa yasibaki hata moja, nawe ukatii. Aliyesema ni mimi. Niliondoka nikijua kutwanga tu. Habari ya mche wa mbegu sikungoja kufundishwa.

Mama nilimkosa mara ya kwanza kwa sababu ya meli. Mara hii nimemmaliza kwa mkono wako. Usiniandikie kwa muda. Si hasira. Sanduku nimempa jirani.

D.

Genova, 19 Aprili 1964

Binti yangu Delfina,

Hujambo? Niliandika Januari, nikaandika Februari. Labda posta imelala. Nasema posta.

Iolanda ameniletea mche wa mrehani wa sokoni. Majani makubwa kama masikio ya punda, yananuka nanaa. Nimetwanga, nimekula. Si mbaya, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo nilikwenda makaburini kumweleza mama yako, maana mtu hawezi kumficha mwenye mali. Nilivua kofia, nikamwambia mbegu za bibi wa bibi yake zimekwisha, na kwamba nimezimaliza mimi, kwa ujuaji wangu, bila kuuliza mtu. Aliamini mara moja; miaka thelathini na tisa ya ndoa imemzoesha.

Wewe sikukutaja. Kwa hiyo siku utakapokuja, mwanangu, mlilie utakavyo, lakini usinifanye muongo mbele yake.

Baba yako