Hesabu ya Watoto wa Vitengeni

Vitengeni,
9 Agosti 1987

Kwa mwanangu Ngala,

Pokea salamu za mamako. Je, u mzima huko Nairobi? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Sweta unavaa, au unawaonea haya wanafunzi wako? Sisi tunapumua. Mahindi yamekauka yakiwa yanafika kiunoni, maji tunayafuata mbali, lakini tunapumua.

Barua yako ilifika, mdogo wako Garama akanisomea. Hii naandika mwenyewe, kwa elimu yangu ya ngumbaru, basi nivumilie. Umesema sasa wanafunzi wa mambo ya jamii hawapelekwi tena vijijini, wanakaa mbele ya kompyuta wakajua habari zetu humo. Tena ripoti yako ya Vitengeni ndiyo wanayofundishiwa, na kwa ajili yake umepewa kazi ya kudumu. Nilipiga kigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani nimepata mkwe.

Namkumbuka yule mwalimu wako mzee, Dedan, aliyelala kwetu mwezi mzima. Tulimcheka tukamwita mkamwana, kwa vile alivyokuwa hatoki jikoni kwa wanawake. Hakumuuliza mtu hesabu. Alikwenda nasi matangani, akakaa, akawasikia kina mama wakiwalilia watoto wao kwa majina. Kwetu mtoto aliyezikwa hutajwa hapo. Hatajwi kwa mgeni aliyesimama mlangoni na kalamu. Umesema wamemstaafisha kwa kuwa mambo yake hayaingii kwenye mashine. Nilimhurumia.

Sasa mwanangu, kaa chini. Mwezi uliopita chifu alitangaza barazani kwamba lile gari la sindano za watoto tuliloahidiwa haliji tena. Litakwenda kwingine, wanakokufa watoto wengi. Lewa mwenye duka akapiga kelele kwamba huyo asemaye watoto wetu hawafi aje ashike jembe atusaidie kuchimba makaburi. Chifu akamjibu kwamba ni kompyuta ya chuo kikuu iliyosema, na aliyeijaza ni mtoto wa papa hapa. Watu wote wakanigeukia.

Hawajui, Ngala. Kosa ni langu.

Ulipomtuma yule binti wa Malindi, Shekha, na fomu zako, uliniomba nimtembeze na kumfasiria Kigiriama. Binti ana adabu zake, lakini alikuwa na nyumba kumi za kumaliza kwa siku, na kila swali lina kijisanduku chake cha nambari. Lilipofika lile la umezika watoto wangapi, mimi nilikuwa siulizi. Niliogopa kuwaita marehemu nyumbani kwa watu, wakaja kuwachukua ndugu zao. Tena niliona haya, walimu wako wasije wakasema Ngala ametoka makaburini. Nikawa namwambia Shekha hakuna, naye anaandika sufuri. Jirani yetu Kanze Kiswahili hakijui, lakini aliposikia neno kuzika hakungoja nimfasirie. Alisema kwa Kigiriama kwamba amezika watatu, akajifuta macho kwa leso. Shekha akauliza analia nini. Nikasema ni moshi wa jiko.

Na kwangu mimi nilisema sufuri. Kabla yako walitangulia wawili. Hukupata kuambiwa.

Nilidhani utakaa na zile karatasi uzisome, kisha uniulize. Kumbe umeandika kwamba zilichomwa zilipokwisha kuingizwa, hazina kazi tena. Sasa ukisema ukweli watakufukuza, na ukinyamaza gari haliji. Na hata ukisema, nani atamwamini mama wa ngumbaru aiache mashine?

Jumanne tumemzika mtoto wa mwisho wa Kanze. Surua. Nilikaa naye matangani, akanishika mkono akasema mayo, mama yangu, afadhali wale wangu watatu wameandikwa kwa Ngala, huko wanajulikana. Akaniomba nikuandikie umwongeze na huyu, jina lake Dzombo. Nikamwambia nitaandika. Basi ndiyo nimeandika.

Garama anakusalimu sana, na wote wa hapa nyumbani petu. Usiache kula, wala usivae nguo mbichi. Nimetafuta neno la kukuomba, sikuliona. Mungu akuchunge.

Ni mimi mama yako,
Kadii