Njia ya Ng'ombe na Geti Langu la Bluu

Jumanne. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya chai. Mawingu yamekaa upande wa Ngong lakini hayo nayajua, ni ya kutudanganya.

Leo nimeaibika mbele ya watu. Naandika sasa hivi kabla roho haijaanza kunitafutia sababu.

Nilienda mkutano wa kupanga mji, pale kanisani Noonkopir. Watu wa kaunti wanataka sisi wenyeji tuseme vile tunataka Kitengela ikae wakati wajukuu wetu watakuwa wazee. Nilivaa shanga zangu zote. Nilitoka nyumbani nikiwa na hasira tayari.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, na hata hapa naandika kwa kidole kimoja. Lakini kupanga najua. Kwetu Umaasaini nyumba hujengwa na mwanamke. Kabla hujasimamisha mti wa kwanza unajiuliza upepo unatoka wapi, maji ya mvua yatapita wapi, ng'ombe wataingilia wapi jioni. Ng'ombe kwanza, halafu ndio mlango wako. Nyumba yangu ya kwanza niliijenga mama mkwe akiwa amesimama nyuma yangu. Nilipokosea aliibomoa kwa mguu. Nikaanza upya.

Hizi gorofa hakuna mama mkwe alizipiga teke. Ona vile zinaogelea mvua ikinyesha.

Siku hizo hapa kulikuwa nyasi tu. Ukiamka unakuta punda milia wamesimama na mbuzi wako kama watu wa chama kimoja. Ng'ombe za watu wote zilishuka mtoni kwa njia moja, pana, iliyochimbwa na kwato tangu kabla ya nyanya yangu. Jioni zikirudi, kila mwanamke alijua kengele ya ng'ombe wake kabla hajamwona. Yangu ilikuwa na sauti nzito. Nikiisikia nilikuwa nasimama na kibuyu mkononi.

Sijaisikia hiyo sauti miaka mingi. Leo imenirudia nikiwa nimekaa kwa kiti cha plastiki.

Kijana wa kaunti, mpole, alikuwa amebandika ramani ukutani. Nyumba rangi ya manjano, viwanda zambarau, kijani kidogo hapa na pale. Nikatafuta njia ya ng'ombe. Haiko.

Nikasimama. Niliwagombeza wale waliouza mashamba wakanunua magari ambayo sasa ni vyuma vya kuku kulalia. Nikawagombeza waliokuja na kuta zao ndefu. Kijana wa ramani nikamwambia, "Mnatuuliza mtoto aitwe nani, na ashaota ndevu." Watu wakapiga makofi. Nikapenda. Hapo ndipo ningekaa chini.

Sikukaa. Nikamtaja Nolari, rafiki yangu, tuliolewa msimu mmoja. Yeye bado anafuga, na ng'ombe wake siku hizi wanafuata lami kwenda kunywa maji. Mwezi uliopita lori liligonga mtamba wake akiwa na mimba. Nikauliza kwa sauti ni nani alifunga njia, huku nawaangalia wale wa kuta ndefu.

Kijana akasema pole pole kwamba njia anaweza kuichora, lakini itapita tu mahali wenye ploti watakubali kurudisha ua nyuma. Wasipokubali itakuwa ni rangi kwenye karatasi. Fomu za wanaokubali zinarudi Ijumaa.

Nolari akasimama. Nolari huwa haongei mikutanoni.

"Naserian," akasema, bila hasira, "wa kwanza kufunga ni wewe."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Na ni kweli. Ranchi ya pamoja ilipogawanywa, kila mtu na hati yake, mimi nilitaka geti. Hakuna mwanamke huku alikuwa na geti. Mzee wangu, Mungu amrehemu, aliniambia karatasi yetu imelalia njia, tuwaachie ng'ombe pa kupita. Nikamwambia anafikiria kizamani. Nikaweka seng'enge na geti la bluu, rangi nikapaka mwenyewe. Ng'ombe walipokosa kwangu wakageukia kwa jirani, naye akafunga. Kisha wa tatu. Njia ikafa hivyo, geti kwa geti.

Na miaka yote hiyo Nolari anakunywa chai kwangu. Anaingilia geti hilo hilo.

Mkutano ulipoisha nilimkuta nje. Nilitaka kuomba msamaha lakini mdomo wangu huu haujafunzwa hiyo kazi, nikajikuta namgombeza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ungesikia?" akaniuliza.

Nikarudi ndani nikaandika jina langu kwenye fomu. La kwanza. Wamebaki sita wengine kwenye mpaka wa ile njia, na wawili wameniambia kwa macho makavu kwamba wao watasaini wakiona geti langu limetoka, si wakisikia. Wananijua.

Kwa hivyo asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, nachukua sururu naanza na posti ya kwanza. Fundi niliyemwita atanikuta nishaanza. Geti litakaa nyuma ya nyumba, kuku watalipenda.

Kitu kimoja ndicho kinanisumbua. Ng'ombe waliokuwa wanaijua hiyo njia walikufa zamani. Hawa wa Nolari wanajua lami tu. Hata tukiifungua yote mpaka mtoni, watasimama hapo wanashangaa.

Itabidi mtu atangulie mbele awaonyeshe. Na wanaokumbuka kila kona tumebaki wawili, mimi na Nolari, na mmoja ana goti bovu.

Goti langu bado liko sawa.