Kifungo cha Koti Kooni mwa Karani

Chumba cha kushonea,
Nyumbani kwa Mama.
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Salamu kutoka kwetu. U hali gani, na wifi yangu na watoto je? Sisi tu wazima, isipokuwa mkono wangu wa kulia, ndiyo maana mwandiko huu unayumba kama mlevi.

Nina hasira nawe, Kaka. Nisipokuambia nitapasuka.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nashonea vifungo koti la mteja, kimoja kikubwa kikaniponyoka. Mbwa wetu Karani akakidaka kabla hakijagusa sakafu. Papo hapo akaanza kukohoa bila sauti, anajikwangua mdomo kwa makucha, mate yanamchuruzika. Unajua mbwa yule ni nani kwa Mama tangu Baba atutoke. Ndiye anayezungumza naye kutwa.

Nikamshika. Mama akanizuia: "Ngoja kwanza, tumpigie kaka yako."

Ndiyo nyumba yetu hiyo. Bomba likivuja, kaka yako. Mlango ukigoma, kaka yako. Mbwa anakufa mbele ya macho yetu, nasi tunasikiliza simu ikiita kwa mtu aliye safari ya siku mbili.

Nawe, badala ya kusema hujui, ukasema apewe mkate mkavu, utasukuma. Kana kwamba ni mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mama akautia, na ile pumzi kidogo iliyokuwa ikipita ikazibwa. Karani akaanguka.

Sikungoja ruhusa tena. Nilimpanua taya, nikautoa mkate uliokuwa mdomoni, nikatazama. Kifungo kilikuwa mbali, kukifuata kwa kidole ni kukizamisha. Nikamwinua miguu ya nyuma kama mtu anayesukuma toroli, kichwa chini. Wapi. Nikamkumbatia kwa nyuma, nikambana chini ya mbavu kwa nguvu, mara ya nne kifungo kikaruka hadi chini ya cherehani. Alipopata pumzi akaning'ata. Yeye nimemsamehe.

Daktari wa mifugo amemkagua koo, yuko salama. Mimi nimeshonwa nyuzi tano. Na Mama anawaambia majirani kwamba mkate wako ndio uliomponya. Nikibisha, naambiwa nina wivu.

Hilo ningelimeza. Lakini jana Mama alipaliwa na kidonge chake cha presha. Macho yakamtoka. Nilikuwa nimeketi ubavuni pake, na kikombe cha maji kiko mezani, lakini yeye akanyoosha mkono kuchukua simu.

Nilimpiga mgongoni kikatoka.

Mpigie, Kaka. Mwambie kwa kinywa chako kwamba mkate ule ulikuwa kosa, na kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikisema mimi hasikii. Ukisema wewe atasikia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko meno ya Karani.

Msalimie wifi, na kitinda mimba wenu mwambie shangazi amemshonea gauni. Mungu awalinde, na kila mnachomeza kishuke salama.

Wako akupendaye, leo kwa shida,
Mdogo wako, Fundi.