Trekta la Baba Limekwenda Qurum

Jumamosi, baada ya alasiri. Vumbi limefunika milima ya Bawshar tangu asubuhi na sina hata hamu ya kufunga madirisha. Liingie tu.

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza ili asije mtu akaniuliza nina nini.

Mnaonisoma siku zote mnalijua trekta la Baba. Kwa aliyefika leo: ni trekta kuukuu la dizeli, silinda nne, ambalo marehemu Baba alilinunua kwa ajili ya shamba letu la mitende kule Barka. Shamba lilishauzwa, trekta likabaki uani kwetu. Kaka Nassor, mkubwa wetu, akapata mteja: mkahawa mmoja wa Qurum unaotaka kulisimamisha mlangoni watu wapige nalo picha. Nikamsihi asiliuze. Nikamsihi tena. Mwisho tukakubaliana mbele ya Mama kwamba nilitie nguvu na kulipeleka kwenye mashindano ya kuvuta, ambayo wapenzi wa matrekta ya zamani huyafanya msimu wa baridi. Likiufikisha mzigo mwisho wa uwanja, linabaki nyumbani. Likishindwa, linakwenda Qurum.

Basi nikaingia kazini. Nikitoka ofisini Khuwair, navua abaya, navaa ovaroli. Nilichonga silinda upya, nikatia pistoni mpya, nikabadilisha gasketi, nikaifungua pampu ili itoe dizeli zaidi. Kisha nikaifunga turbo, ile feni ndogo inayoishindilia injini hewa ili iwe na nguvu kuliko ilivyozaliwa nayo. Baba angenigombeza sana kwa turbo ile, halafu angeomba funguo ili alijaribu.

Wakati wote huo nilikuwa nikiweka picha hapa, nanyi mkinimwagia sifa. Nilifurahi, sitasema uongo.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mzigo wenyewe ni jukwaa la chuma linaloburuzwa mchangani, juu yake pana matofali ya zege ambayo husogea mbele kadiri unavyokwenda, kwa hiyo kila hatua ni nzito kuliko iliyopita. Nilipanda mwenyewe. Wanaume kwenye uzio wakatazamana, nikawaacha watazamane.

Lilivuta. Wallahi lilivuta! Nilipita bendera ya katikati nikiwa bado na nguvu za kuongeza, pua ya trekta ikinyanyuka kidogo, na nikajikuta nacheka peke yangu kwenye kiti cha Baba. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Hapo nikasikia mluzi, kisha mlio wa chuma kusaga chuma, moshi mweusi, kimya. Bendera ya mwisho ilikuwa mbele yangu, naiona.

Kaka alikuja na chupa ya maji. "Pole, Zuwena," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Si nlikwambia turbo si mambo yake trekta la mzee?"

Nikaipokea chupa. Nilidhani ni kweli, na hilo ndilo lililoniuma mpaka nikakosa usingizi.

Leo asubuhi nikaifungua turbo. Mapanga ya feni yamevunjika, vipande vimeingia mpaka kwenye silinda. Na kwenye mhimili, kitambaa cheusi kimejisokota pamoja na uzi. Nikakinusa.

Mvuje.

Nimefungwa mvuje mkononi, ile dawa ya kunuka ndani ya kitambaa cheusi, tangu ningali mchanga, kwa ajili ya jicho la hasidi, kama watoto wote wa ukoo wetu. Uvundo ule siwezi kuukosea, hata ukiungua. Nikaenda nao jikoni, mkono mweusi kwa masizi, nikamwonyesha Mama aliyekuwa akichambua mchele.

Wala hakushtuka. Alifurahi.

"Mie ndo nloutia, mwanangu, jana alfajiri, kabla hujalifunga lile kopo lako la kuchujia hewa. Nnasomewa na wajukuu yale maneno ya watu kwenye simu. Wanalisifu trekta, hata mashallah hawasemi! Nkuwache hivi hivi? Jicho limekuja, mvuje umelipokea. Ingekuwa si mvuje, wallahi leo nnakuzika."

Akanishika shavu, akaniachia punje ya mchele usoni.

Nikasema, "Ahsante, Mama." Hayo ndiyo niliyosema. Mwaka wangu wote umesagwa na fundo la kitambaa, na nikashukuru.

Lakini nani anachungulia ndani ya bomba la kupeleka hewa kwenye turbo, alilolisafisha mwenyewe jana yake?

Baada ya adhuhuri lori la mkahawa likaja kulichukua trekta. Wanasema watalipaka rangi ya waridi. Kaka akawakaribisha majlis, nikawasikia wakicheka kule ndani. Anawasimulia kwamba dada yake alijifanya fundi, akalitia turbo, akaliua. Atalisimulia hilo kila Idi, mbele ya kila mgeni, mpaka niwe mzee. Mama alikuwa pale pale akiwapitishia halwa, na hakusema neno, kwa sababu kwake yeye hakuna aliyekosea. Kwake yeye tumeokoka.

Kumwambia Mama usoni siwezi. Nimesimama mlangoni kwake mara mbili leo, nikarudi. Lakini Kaka hasomi ninayoandika, na Mama anasomewa.

Mama, wakifika hapa usilie, nakuomba. Ulinitilia kwa mapenzi, nalijua hilo, na sina jingine la kukudai. Lakini injini ilikuwa nzima. Niliitengeneza mimi, ikavuta, na ilikuwa ikifika.

Mwambie Kaka.